Nani kasema hosti ni mwenyeji? Juu ya maneno ya tovuti kwa wanaoanza



Naomba nafasi niseme jambo juu ya Kiswahili cha tovuti, hasa kile kinachoandikwa kwa mtu anayeanza, yule ambaye hajawahi kufungua hata ukurasa mmoja na sasa anataka kuweka duka lake, chama chake au mashairi yake mtandaoni. Najua kuna wenzetu waliobobea kwenye istilahi kuliko mie, na watanisahihisha. Ila jambo lenyewe lina pesa ndani yake, na lina kumbukumbu za watu, kwa hiyo nisiliache kwa wataalamu peke yao.

Maelezo ya namna hii yapo ya aina mbili. Ya kwanza huandikwa na vijana wa Dar es Salaam, Nairobi na Arusha wanaokula kwa kazi hiyo. Hawa husema domeini, hostingi, websaiti, tena bila haya, na mteja wao huwaelewa au huuliza. Ya pili hutoka kwenye mashine za kutafsiri: kampuni ya nje inataka wateja wa Afrika Mashariki, inachukua maelezo yake ya Kiingereza, inayapitisha kwenye mashine, na kesho yake kuna ukurasa wa Kiswahili. Hakuna binadamu aliyeusoma kabla haujatoka. Hii aina ya pili ndiyo iliyozidi, na ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa sababu imevaa kanzu ya usanifu. Mtu mzima aliyesoma, asiyeijua kazi hiyo, ataiamini zaidi kuliko maneno ya yule kijana wa Kariakoo anayechanganya lugha.

Chukua sentensi hii, ambayo kwa sura moja au nyingine nimekutana nayo mara nyingi mno: mwenyeji wa wavuti ni kampuni inayokaribisha tovuti yako kwenye seva zake. Sarufi safi. Hakuna neno gumu. Mwalimu wa kidato cha pili angeipa vema. Na bado mtu akiisoma anatoka na elimu ya uongo.

Kwa nini? Kwa sababu kwetu mwenyeji ana wajibu wake unaojulikana. Mgeni akifika anapewa maji, anapewa chakula, anatandikiwa pa kulala, na akiugua mwenyeji ndiye anayehangaika kumtafutia dawa. Mgeni halipi. Akitaka kulipa ni matusi. Mzigo wake uko salama kwa sababu heshima ya nyumba nzima imewekwa juu yake. Sasa mpelekee mtu mwenye lugha hiyo kichwani maneno mwenyeji wa wavuti, halafu mwambie kila mwaka atoe randi kadhaa, na asipotoa tovuti inafungwa, na baada ya muda faili zake zinafutwa. Huyo mwenyeji gani, jamani? Huyo ni mwenye nyumba, wewe ni mpangaji, na hiyo ni kodi.

Kiingereza chenyewe kilikuwa na sababu zake. Mwaka 1969, mtandao wa ARPANET ulipokuwa ukiundwa Marekani, kompyuta kubwa za vyuo na taasisi zilizounganishwa ndizo zilizoitwa hosti. Waraka namba 1 katika mfululizo wa nyaraka za kiufundi za intaneti, ulioandikwa na Steve Crocker Aprili mwaka huo, unahusu programu za kompyuta hizo, na neno hilo limo kwenye kichwa chake. Picha ilikuwa ya kweli: chuo kina kompyuta, mtafiti wa chuo kingine anaingia kutoka mbali, anaitumia, anatoka. Mgeni na mwenyeji. Hakuna aliyemdai mwenzake kodi ya chumba.

Hata huku Afrika Kusini mambo yalianza hivyo hivyo. Kiungo cha kwanza cha intaneti cha nchi hii, Novemba 1991, kilitoka Chuo Kikuu cha Rhodes, Grahamstown (mji ambao tangu 2018 unaitwa Makhanda), kikavuka bahari mpaka Portland, Oregon. Upande wa pili hakukuwa na kampuni wala wizara. Kilifika nyumbani kwa mtu, Randy Bush, ambaye alikubali kuwapokea. Huyo kweli alikuwa mwenyeji, na ukitaka kumwita hivyo kwa Kiswahili sitakuzuia.

Lakini hayo ni ya zamani. Leo kuna majumba makubwa ya seva huko Isando, karibu na uwanja wa ndege wa O.R. Tambo, na kwingineko Gauteng, na nafasi ndani yake inapangishwa kwa kabati, kwa mashine, au kwa kijisehemu cha mashine. Kiingereza kimebaki na neno ambalo limekauka ndani, kama sisi tunavyosema kupiga simu ilhali hakuna anayepiga kitu. Mwingereza akisikia hosti haoni tena mgeni wala meza ya chakula. Mswahili, ukimtafsiria neno kwa neno, anamwona mgeni yule, anaona na sahani. Tafsiri imefufua sitiari iliyokwisha kufa kwao, ikaileta kwetu ikiwa hai na ikitembea. Hilo ndilo kosa la msingi la maelezo haya yote, na mengine yanafuata kutoka hapo.

Ukitaka kuona ukarimu halisi wa mtandaoni na mwisho wake, mkumbuke GeoCities. Wengi wetu tuliotoka nyumbani miaka ya 1990 tulianzia huko: kurasa za bure, rangi za kuumiza macho, picha ya bendera inayopepea. Ule ulikuwa ugeni kweli, hatukulipa hata senti. Oktoba 2009 Yahoo wakafunga mlango, na makala, picha na nasaba za koo za watu zikaenda na maji. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nani angelalamika? Hakukuwa na mkataba wa pango.

Niwe mkweli, baadhi ya mashine zimejirekebisha, na siku hizi utaona upangishaji wa wavuti. Hilo naliunga mkono kwa mikono miwili, kwa sababu linasema ukweli wa biashara yenyewe. Ila utaratibu hakuna. Ukurasa huohuo mmoja una mwenyeji juu, upangishaji katikati na ukaribishaji chini, na anayeanza anadhani ni huduma tatu tofauti, pengine atozwe mara tatu.

Sasa hebu niwaambie kwa nini nimelishikilia hili. Kuna chama kimoja cha watu wa Afrika Mashariki hapa Johannesburg, jina nalihifadhi. Kazi yake kubwa ni kuchangishana pale mwenzetu anapofariki huku, ili maiti isafirishwe nyumbani. Tovuti yao ilikuwa na orodha ya wanachama, hesabu za michango ya miaka tisa, na kurasa za kuwakumbuka marehemu, kila mmoja na picha yake na kijiji alikozikwa. Kijana mmoja aliwatengenezea kwa kujitolea. Akasajili jina linaloishia .org kwa jina lake mwenyewe na barua pepe yake mwenyewe, chama kikalipia nafasi kwenye seva, kisha kijana akapata kazi Kanada, akaondoka salama. Hakuiba kitu. Hata barua pepe yenyewe aliacha kuitumia.

Ilani za kuisha kwa jina zikawa zinakwenda kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu. Siku moja mweka hazina, mama mmoja wa Tanga mwenye risiti zake zote zimepangwa kwenye faili la kijani, akanipigia: "Mwalimu, samahani kwa usumbufu. Kodi tumelipa mpaka Desemba. Mbona nikibisha hodi wananifungulia watu wa kamari?"

Kodi kweli ililipwa. Faili zote zilikuwepo, salama salimini, kwenye nafasi yao. Kilichoondoka ni jina. Jina la .org muda wake ukiisha na likafutwa na msajili, lina siku 30 za kukombolewa, kama pete iliyowekwa rehani, tena kwa ada kubwa kuliko ya kawaida. Kisha siku tano za kungoja. Baada ya hapo ni la atakayewahi. Siku hizo zote zilipita mama wa watu akidhani seva ina hitilafu, akiwaandikia wale waliompangisha nafasi, nao wakimjibu, kwa haki kabisa, kwamba upande wao kila kitu kinafanya kazi.

Mama huyu alikuwa amesoma. Alinionyesha maelezo ya Kiswahili aliyoyachapisha, na mstari aliokuwa ameupigia kalamu ulisema mwenyeji hutunza tovuti yako. Kwa mantiki ya Kiswahili alichofanya kilikuwa sahihi: ukishakuwa na mwenyeji, yeye ndiye anayeangalia usije ukapotea njia. Hakuna mahali palipomwambia kwamba ana wenye nyumba wawili wasiojuana, mmoja wa jina na mmoja wa nafasi, na kwamba kumlipa huyu hakumridhishi yule. Chama kilisajili jina jipya, faili zikaunganishwa nalo, mambo yakaendelea. Lakini anwani ya zamani imechapwa kwenye kadi za mazishi zilizoko Moshi, Mwanza na Kisumu, na barua pepe zote zilizokuwa na jina lile zilikufa nalo. Mjane akifungua leo kumtazama marehemu mumewe, anakutana na mashine za bahati nasibu.

Basi tuanze na jina, maana ndilo linaloumiza watu. Neno lililokubalika ni kikoa, na jina la kikoa. Sijui wangapi kati yenu mnalikumbuka neno hili kabla ya kompyuta. Kikoa cha wazee wetu wa pwani ni kula kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu, kila mtu analeta chake na wote wanakula. Neno tamu sana. Mwanafunzi wangu mmoja wa Soweto, aliyejifunza ngeli vizuri kupita kiasi, alilichambua akaniambia kikoa ni koa mdogo, yule konokono asiye na gamba, na nikashindwa kumkatalia kwa sarufi. Mwingine wa kutoka Bukavu alidhani linatokana na ukoo. Haya yote ni madogo. Swali langu ni kama neno linamsaidia anayeanza kujua ana nini mkononi. Maana kikoa cha zamani ni cha wote, na kikoa cha intaneti kina mtu mmoja aliyeandikwa kwenye daftari. Asiyeandikwa hana lake, hata kama ndiye aliyetoa fedha. Chama changu kilifikiri ni kikoa cha kizamani. Daftari lilifikiri vingine.

Sipendekezi kulifuta. Limeshazoeleka, limeingia kwenye kamusi na kwenye programu, na kulivuruga sasa ni kuongeza jina la pili juu ya la kwanza, ugonjwa tunaoujua vizuri sisi wa kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Ninachokataa ni kitenzi kinachotangulizwa mbele yake. Kila mahali wameandika nunua kikoa. Hakuna anayenunua. Majina ya .com na .org husajiliwa kwa mwaka mmoja mmoja mpaka miaka 10 kwa mara moja, basi. Mtanzania yeyote aliyewahi kushika hati ya kiwanja analielewa jambo hili bila somo: serikali haiuzi ardhi, inakupa umiliki wa miaka 33, 66 au 99, na usipolipa kodi ya ardhi usishangae. Kwa hiyo sema kusajili, sema kuhuisha, na mwambie mtu jina la nani limeandikwa kwenye hati. Mtu wa Mbagala aliyetapeliwa kiwanja hahitaji kuelezwa kwa nini hilo la tatu ni muhimu kuliko yote mawili ya kwanza.

Na hapo hapo tunayo maneno ya watu wanaohusika, tena ya kale. Daftari kuu la majina yote ya .ke au .tz au .co.za linakaa mahali pamoja. Hiyo ni masjala. Nairobi masjala ni KeNIC. Ya co.za iko hapa jirani Midrand, na hao hao ndio wanaoendesha .africa, iliyofunguliwa mwaka 2017 baada ya kesi iliyofika mpaka mahakama ya California. Anayekupeleka masjala na kukuandikisha ni msajili. Anayechukua kwa msajili na kukuuzia wewe kwa bei yake ni dalali. Maelezo ya mashine yanawaita wote watoa huduma, kana kwamba ni ndugu wa baba mmoja. Muulize mtu yeyote wa Kariakoo au Darajani tofauti ya kwenda ofisi ya ardhi mwenyewe na kwenda na dalali, atakueleza mpaka jua lizame.

Jina na mahali ni vitu viwili, na Randburg inalionyesha hilo vizuri. Barabara kuu inayopita hapa ilikuwa ikiitwa Hendrik Verwoerd, sasa ni Bram Fischer. Ile ya upande wa magharibi ilikuwa D.F. Malan, sasa ni Beyers Naudé. Nyumba hazikusogea hata inchi, na namba ya kiwanja, ile inayoitwa erf na watu wa hapa, ilibaki ileile kwenye vitabu. Namba hiyo ndiyo anwani ya IP. Kwenye tovuti mambo huwa kinyume chake: mara nyingi jina linabaki na nyumba ndiyo inayohama, kutoka seva ya Texas kwenda seva ya Isando, na mgeni hajui kama kuna lori la mizigo lililopita usiku.

Anayemwambia mgeni mlango uko wapi ni DNS, na hapa ndipo tafsiri huanguka kabisa. Utasoma mfumo wa majina ya vikoa, haya, tafsiri nzuri, lakini anayeanza hatoki na kitu. Mie darasani nasema balozi wa nyumba kumi. Ukiingia mtaa usioujua Tanzania unamwendea balozi: fulani anakaa wapi? Asipojua anakutuma kwa mkubwa wake, na wa ngazi ya juu anakuelekeza kwa balozi anayehusika. Wakenya nao tangu 2013 wana Nyumba Kumi yao, ingawa ile ni ya ulinzi zaidi. Balozi hataki kupanda ngazi kila siku, kwa hiyo akishaambiwa anaandika kwenye kidaftari chake. Ndiyo maana ukihamisha tovuti unaambiwa subiri saa 24 hadi 48: wapo mabalozi duniani ambao kidaftari chao bado kina mlango wa zamani, na watakitumia mpaka muda wake uishe. Mashine inaliita jambo hili uenezi. Uenezi! Nilidhani huo ni wa CCM. Hakuna kinachoenezwa hapa. Ni madaftari ya zamani yanayongojewa yaishe muda, na kulisema hivyo hakuhitaji istilahi yoyote.

Kwenye upande wa nafasi, lugha yetu ina utajiri ambao Kiingereza hakina, nami nashangaa wanaistilahi wameupita bila kuugusa. Nafasi ya bei nafuu, ambayo tovuti mia zinakaa kwenye mashine moja, ni nyumba ya vyumba vya kupanga: uani ni pamoja, bomba ni pamoja, na mpangaji mmoja akipiga muziki usiku hamlali nyote. Akija mtu kutaka kubomoa mlango wa jirani yako, nawe umo hatarini. Umeme wa LUKU ni mmoja, na kila mwezi kuna ugomvi nani ametumia zaidi. Kila mtu aliyeanza maisha Sinza au Eastleigh amelala kwenye seva ya pamoja. Ukiweza zaidi unachukua nyumba nzima peke yako. Na kuna ile ya tatu, ambapo kompyuta ni yako mwenyewe, umeinunua, ila umeiweka kwenye jumba la mwingine na unalipia mahali, umeme na waya. Kiingereza kimeihangaikia kwa neno refu la kutengeneza. Mombasa wanaijua kwa karne nzima: nyumba bila ardhi. Matofali ni yako, ardhi ni ya mwenyewe, na kila mwezi unalipia kiwanja. Majengo ya Mombasa yamejaa nyumba hizo. Unguja nako mnazi unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ya mwingine, na watu wameishi na hilo wakaandikiana, wakarithishana na kushtakiana kwa Kiswahili chenye maneno kamili. Hatukuhitaji kukopa fikra hii kwa mtu. Sisi ni watu tuliozoea kutofautisha mwenye kitu na mwenye mahali kilipo.

Nije kwenye madogo madogo, haraka. Pakia na pakua ni maneno bora kabisa. Aliyeyachagua alikuwa mtu wa bandarini au angalau alisikiliza watu wa bandarini, na hata mpishi anayapokea, maana chungu nacho hupakuliwa. Barua pepe halina mpinzani. Kivinjari nakipenda, ingawa nusu ya wanafunzi wangu hawajui kwamba kuvinjari kuna uzururaji na doria ndani yake, waambieni, watafurahi. Vidakuzi silipendi ila limekwisha kuota mizizi. Nywila na neno la siri: la pili linaeleweka na kila mtu, la kwanza linaeleweka na waliofundishwa. Tovuti na wavuti mashine inayatumia kama kitu kimoja, wakati tofauti iliyopo inafaa sana, tovuti ni yako, wavuti ni wavu wote.

Halafu kuna kipimo data. Hili ndilo limewekwa mahali pa kile kiasi cha data ambacho tovuti inaruhusiwa kupeleka kwa wageni wake kwa mwezi. Kipimo ni rula, ni mizani, ni kibaba. Ukimwambia mtu kipimo data chako kimeisha atadhani kuna chombo kimevunjika. Na neno lenyewe lipo, linasemwa na kila mwenye simu kutoka Lamu mpaka Mbeya: bando. Bando la tovuti. Tofauti ni moja, kwamba hapa bando unalilipia wewe na wanaolitumia ni wanaokuja kukutembelea. Hapo, kama mnataka kutafuta mwenyeji, ndipo alipo! Mwenyeji ni mwenye tovuti. Yeye ndiye anayekaribisha, yeye ndiye anayegharimia chakula, na wasomaji wake ndio wageni. Maelezo ya mashine yamempa mwenye nyumba sifa ambayo ni ya mpangaji.

Mtaniuliza, wenye lugha walikuwa wapi? Walikuwepo. BAKITA ipo tangu 1967. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi nzima kwa Kiswahili, na katika miaka hiyohiyo Microsoft nao walikuwa wakitayarisha Windows ya Kiswahili kwa msaada wa wasomi wa kwetu. Kamusi ya Martin Benjamin ilianza Yale mwaka 1994, na ilijengwa na watu wa namna yetu, waliotawanyika, kila mmoja akitia neno lake. Ni kazi kubwa na sina dharau nayo hata chembe. Lakini angalieni walichokuwa wakitafsiri: menyu. Faili, hariri, hifadhi, chapisha. Maneno ya mtu aliyekaa mbele ya kompyuta yake mwenyewe. Kompyuta ya mtu mwingine iliyo mbali, inayolipiwa, yenye masharti na tarehe ya kuisha, haikuwa kwenye menyu. Maneno yake yako kwenye mkataba na kwenye ankara, na mikataba na ankara hakuna mfadhili aliyelipia itafsiriwe. Tukaiachia mashine.

Ndiyo maana sioni kazi iliyobaki kuwa ya kamati ya istilahi. Maneno tayari yapo midomoni: kodi, pango, dalali, masjala, hati, rehani, bando, balozi, nyumba bila ardhi. Inayohitajika ni karatasi mbili, siyo zaidi, zinazoweza kusomwa na mweka hazina wa chama, zikimweleza amwulize nani swali lipi kabla hajatoa hela: hati ya jina imeandikwa jina la nani, ilani zinakwenda kwenye barua pepe ya nani, kodi ya jina inaisha lini na kodi ya nafasi inaisha lini, na nakala ya faili iko wapi nje ya chumba hicho. Rasimu ninayo. Imeandikwa kwa Kiswahili cha Tanga na marekebisho ya mama mwenyewe, ambaye amefuta neno mwenyeji kila lilipotokea na kuandika juu yake, kwa kalamu nyekundu, baba mwenye nyumba. Wenzetu wa Kenya na wa Kongo mashariki naomba mniambie ni wapi maneno hayo hayatafika kwenu. Bukavu najua dalali anaitwa vingine, na Nairobi sina hakika kama balozi atachekesha au atatisha.

Naomba kuwasilisha.

Wenu,
Randburg, Afrika Kusini